Swali la Nyongeza

Ngamiani kwa Singano, redio i dirishani,
Swali namba mia tano, limeulizwa Bungeni:
Wangapi kwa mwaka huno, watarudishwa kazini,
Kiwanda cha kamba lini, milango kufunguliwa?

Waziri akakohoa, karatasi kageuza:
"Andiko tumelitoa, wadau twawauliza,
Hazina ikichomoa, fungu, tutawaeleza."
Wenzake wakapongeza: swali hilo lajibiwa.

"Na la nyongeza, Waziri, vijana wafanye nini?"
Kajibu: "Wajiajiri, mtaji u mikononi,
Waungane, wasubiri, fomu zipo wilayani,
Ama kuhusu la lini, tarehe yafikiriwa."

Singano kashika chuma, mizanini akaweka,
Gia iliyomuuma, kidole kikakatika.
Kiwanda chote kizima, hapa kwake kimefika,
Kwa kilo kimepimika, kesho kinachukuliwa.