Mlango wa Ghorofa ya Saba

Wa kwanza kuandika alitupa mistari saba,
ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la matairi:
"Vijana wanne wa Tartu, bila mwimbaji.
Nilingoja mtu aingie. Hakuingia."
Urmo aliikata kwa mkasi wa jikoni
akaibandika ndani ya sanduku la gitaa.
Usiku ule tulikuwa na watazamaji thelathini na mmoja.
Najua, maana mimi ndiye mshika kisanduku,
dada wa mpiga ngoma, muuza santuri,
na wawili kati yao waliingia kukwepa baridi.

Kisha akaja yule wa Tallinn, Raivo Lepasaar,
mwenye skafu, na daftari lisilo na mistari.
"Barafu inameguka," aliandika, "milima inapumua."
Nyota nne.
Baada yake wote wakaiona milima.
Wa Berlin milima, wa Leeds milima na ukungu,
hata wa Oslo, ambaye milima anayo dirishani,
naye akasema milima.
Nimehesabu: mara kumi na tisa
katika makala kumi na moja.

Jamani, sisi ni watu wa tambarare.
Mlima wetu mrefu kuliko yote nchini
unaitwa Yai,
na juu yake tumejenga mnara
ili aliyepanda aamini kuwa amepanda.

Kipande kile cha dakika kumi na nne ni lifti.
Lifti ya jengo letu, Annelinn,
iliyokwama na bibi Helve ndani
kati ya ghorofa ya sita na ya saba:
yeye, mfuko wa viazi, chupa ya maziwa mgando.
Besi ya mwanzo ni waya unavyonguruma.
Kinanda cha Kaarin, noti moja, kisha moja,
ni bibi akibonyeza kengele isiyolia.
Ngoma zinapopanda, pale wanapoandika "maporomoko ya theluji",
ni fundi Arvo na nyundo yake
na matusi ya Kirusi.
Na mwisho kabisa, kelele zikishatua,
kishindo kimoja kikavu, halafu pumzi:
mlango umefunguka,
viazi vinabingirika koridoni.

Mnamjua mgema na sifa zake.
Hapa kwetu hakuna mnazi, kuna pedali za mwangwi.
Dakika kumi na nne zikawa ishirini na tatu.
Akaongezwa mtu wa fidla.
Wakaenda Norwei kupigwa picha kwenye theluji ya watu,
nyuso zimekazwa kama za wanaodaiwa kodi.
Kaka yangu Taavet akaanza kusema "mandhari"
hata anapokula supu.

Februari, ukumbi wa kiwanda cha zamani, watu mia nne.
Nilimketisha bibi kando ya meza yangu,
pamba masikioni.
Walipanda. Wakapanda. Wakazidi kupanda,
taa nyeupe zikatupofusha,
na pale kileleni wakakata.
Giza.
Kisha ukumbi ukalipuka.
Lepasaar alikuwa amefumba macho, mashavu yamelowa;
machozi, nadhani, au jasho la ile skafu.

Bibi alichomoa pamba moja.
"Mbona hawajanitoa?"
Nikajifanya nahesabu chenji.

Asubuhi, nyota tano. "Sasa wamekomaa.
Wamejifunza kukiacha kilele kikining'inia."
Taavet alinisomea kwa simu, mara mbili,
na mara ya pili sauti yake ilipungua njiani.
Sikumwambia neno la bibi.
Nilimwomba tu afungue sanduku la gitaa la Urmo
akisome kile kikaratasi, kama gundi ingali inashika.
Yule wa matairi hakujua muziki, wala jina lake silikumbuki,
lakini alikuwa amengoja mtu.

Lifti ilitengenezwa Machi.
Bibi bado anapanda ngazi.