Dawa Gani?

Khainza, ufunguo wa droo hii hukwama;
uinue kidogo, halafu zungusha.
Atropini iko chini, nyuma ya glavu,
mbali na macho ya waazimaji.
Ihesabu kila jioni kwa vidole vyako.
Usimwamini anayekwambia "zipo."

Miaka ishirini na tisa nimesimama kwenye mlango huu wa Mbale
na swali moja:
amekunywa nini?
Nao hunijibu wakihema, mtoto kalegea mikononi,
"Dawa, Daktari. Amekunywa dawa."
Dawa gani?
Ya nyanya. Ya panya. Ya kupe wa ng'ombe.
Neno moja tumelipa kinachoua na kinachoponya,
tukakiweka rafu moja, chupa moja ya soda,
kisha tunamshangaa mwenye miaka miwili
kwa kushindwa kutofautisha.

Basi jifunze kunusa.
Harufu kama kitunguu saumu, mate yasiyokoma,
kaptura imelowa,
na mboni (lete tochi, sogea)
mboni ndogo kama punje ya ulezi.
Hapo usingoje maabara.
Mvue, mwoshe, mchome sindano, sikiliza kifua.
Bado kinachemka? Maradufu.
Bado? Maradufu tena,
mpaka kikauke kama kahawa uani.

Mafuta ya taa ni habari nyingine.
Bibi atakuja na maziwa, shangazi na yai bichi,
kila mmoja kidole tayari amtapishe.
Wakataze, lakini usiwafokee.
Mimi nilifoka, mwaka wangu wa kwanza.
Yule mama nilimwona baadaye sokoni:
alivuka barabara kunikwepa,
na mtoto mwingine mgongoni, anakohoa.

Wamono aliletwa kutoka Bududa usiku wa mvua,
pikipiki mbili na kipande cha miguu
kwa sababu mlima ulikuwa umeshuka barabarani.
Saa nane droo ilikuwa tupu.
Sista Akello akatoka na kanga na viatu vya mpira,
akaugonga mlango wa duka la dawa za mifugo
hadi mwenyewe akafungua na panga mkononi.
Alirudi na atropini ya ng'ombe.
Nilipiga hesabu kwenye kiganja, kwa kalamu,
nikairudia, nikamwomba Akello airudie,
nikachoma.

Alfajiri mtoto akaanza kuchuma hewa.
Vidole viwili, taratibu, juu ya shuka,
anachuma, anadondosha, anachuma.
Mama akapiga ukunga: mwanangu karukwa na akili!
Nikamwambia, hapana mama, hiyo ni dawa.
Akanikazia macho.
"Dawa gani?"

Sikuwa na jibu la haraka.
Nilikuwa nimeuliza swali lile maisha yangu yote
na sikuwahi kuulizwa.
Nikasema: yangu. Imezidi kidogo. Itapita.
Akakaa, akatazama vile vidole kwa muda mrefu,
kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa,
"Anachuma kahawa.
Angalia, zile mbichi anaziruka."

Huyo sasa ni kijana, hunipungia mkono stendi.
Usidhani wote hupunga.

Nimekuachia daftari, lina mwandiko mbaya,
na kalenda ya misimu: wakati wa kupulizia nyanya
usiombe likizo.
Glukosi iweke karibu. Chai utakunywa ikiwa baridi.
Vingine hivi tupa, hata kile kiti.

Ila chupa iliyopo dirishani iache.
Ilikuja na msichana wa Nakaloke, siku ya Jumapili,
nami nilikuwa hapa, na droo ilikuwa imejaa.
Lebo yake ina picha ya chungwa lililokatwa,
linang'aa, mtu yeyote angelitamani.
Nimeiosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa maji ya moto.
Ikishika jua la mchana
bado inanuka.