Upana wa Mabega

Mlinzi wa lango alituuliza mara mbili:
"Mnajua ni kijia kifupi tu?
Hatua mia tatu, basi, umetokea mtoni."
Kama muuza mitumba anayekuonya
kwamba shati hili halirudishwi.

Jumapili, kusini mwa Karen, majani bado mabichi kwa mvua ya usiku.
Mghoi mbele, miaka kumi na tatu,
na viatu vya shule, kwa kuwa raba zimembana.
Mimi nyuma, na tumbo langu, na begi la chapati.

Mimi ni fundi wa lifti.
Wiki nzima nashinda kooni mwa majengo ya Upper Hill,
nyaya zikining'inia kandoni,
nikiijua ghorofa ya tisa kwa harufu ya kahawa yake.
Wembamba siuogopi.
Ndivyo nilivyodhani.

Jabali lilifunguka kama mlango wa jirani asiyekupenda:
upenyo tu, mnyororo haujatolewa.
Ukuta wa kushoto kijivu, una mikunjo.
Maji yameshinda hapa yakilamba, karne kwa karne,
bila ramani, bila risiti.
Juu, mbingu imebaki utepe,
kama ule wa fundi cherehani shingoni.

Na pale mkono wangu usipofika,
kandambili moja ya mtoto, buluu,
imebanwa kwenye ufa.
Mafuriko ya Aprili yaliipandisha.
Mghoi aliitazama. Nilimtazama akiitazama.
Tulipita chini yake tumeinamisha vichwa
ingawa nafasi ilikuwepo.

Kisha kona, na mwanya ukawa upana wa mabega
ya mtu mwingine, si yangu.
Yeye akapita ubavuubavu, kama barua chini ya mlango.
Mimi nikaingia nusu.
Begi likakataa nyuma, tumbo likakataa mbele,
kifungo cha shati kikang'oka, nikakisikia
kikigonga jiwe, jiwe, maji.

Nikavuta pumzi, ukuta ukanisogelea.
Nikaitoa. Haukurudi nyuma.

"Baba."
Simwoni. Sauti tu, upande wa pili wa kona.
"Usisukume mlango."
Nini?
"Usisukume mlango. Hewa ipo ya kutosha.
Niambie jina lako."

Maneno yangu hayo. Yale ninayoyasema saa nane usiku,
simu sikioni, nikiitafuta suruali gizani,
kwa watu waliokwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba.
Kumbe pazia la chumba chetu si ukuta.
Kumbe miaka yote alikuwa macho.

Niambie jina lako.
Kazini mimi ni Fundi. Kwenye ploti, Baba Mghoi.
Wa mwisho kuniita kwa jina alikuwa mamake,
na hata yeye alilikata katikati.

"Mwachofi," nikasema.
Jiwe likalirudisha, zito kuliko nilivyolitoa.
"Haya, Mwachofi. Toa pumzi yote. Yote.
Sasa geuza kichwa."

Nikatoa hata ile ya akiba,
ile mtu anayoiweka kwa ajili ya kujitetea.
Nikapita.

Mtoni tulikula chapati zilizobanwa zikawa moja.
Maji yalikuwa rangi ya chai ya kibandani.
Nikamweleza: haya yanaingia Athi, mbele huko yanaitwa Galana,
halafu Sabaki, halafu bahari yenyewe, Malindi,
nami nimekaa huku miaka ishirini sijaiona tena.
"Yanabadilishwa jina kila mahali," akasema, akilamba mafuta kidoleni.
"Ndiyo."
"Na yanaitika?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nashika shati langu
pale palipokuwa na kifungo.
Ndipo tukakumbuka, wote wawili kwa pamoja,
kwamba njia ya kurudi ni ileile.
Akasimama, akapangusa sketi,
akanyoosha mkono:
"Lete begi."