Famau Yumo Kitini

Jumatatu, siku moja baada ya Mtwapa kutufunga
sitini na nane kwa hamsini na moja,
kibanda changu cha kinyozi hapa Barani kilijaa
watu wasiotaka kunyolewa.

Chengo aliegesha tuktuk mlangoni, akaziba upepo.
Shekuwe wa duka la vipuri alikuja na daftari la madeni,
akafungua ukurasa wa nyuma, akachora mstari katikati:
huku Wa Kutoa, huku Wa Kuchukua.
Nyevu, na sinia lake la viazi karai,
alisimama kama refa aliyegoma kupuliza.

"Tatizo ni kimo," akasema Chengo.
"Mbio tunazo, kelele tunazo, kimo hatuna.
Wale wana Ziro. Jina Ziro,
na ametutia ishirini na sita!
Akiinua mkono anakwangua chokaa ya dari.
Tuwape nani watupe Ziro?"

Shekuwe akalamba ncha ya kalamu.
"Famau."

Sasa, Famau alikuwa kitini kwangu.
Shuka imemfika kidevuni, povu mpaka masikioni,
macho amefumba, kichwa nimekilaza nyuma,
na wembe wangu uko kooni, pale penye kokwa
linalopanda na kushuka mtu akimeza mate.
Likapanda.
Halikushuka.

Hawakumjua. Povu halina namba mgongoni.

"Hudunda mpira mpaka mpira wenyewe uchoke."
"Robo ya mwisho, mitupo miwili ya adhabu,
hakuna anayemgusa, hakuna anayemzomea, yote nje!"
"Famau na mpira mmoja mpya, Mtwapa hawakatai."
"Mpira mpya umenunua wewe?"
"Basi Famau na Mselem."
"Mselem hamumgusi," Nyevu akaruka,
"hula kwangu kwa deni. Akihamia Mtwapa nani atanilipa?"
Mselem akafutwa, akaandikwa Kahindi,
ambaye goti lake ni bovu
lakini Mtwapa hawajui kuwa ni bovu.
Wakaucheka werevu wao.

Nikakohoa. Nikakohoa tena.
Nikasema, "Jamani, mrefu naye ana yake.
Mtaka cha mvunguni huinama,
na huyo Ziro nasikia hufungwa viatu na mdogo wake."
"Wewe nyoa," akasema Shekuwe.
Nikanyoa.

Kuna kazi hufunzwi na mtu:
kulinyoa shavu la mwenye kuuzwa.
Taya ilikuwa ikitembea chini ya wembe
kama panya chini ya mkeka.
Nilipita polepole. Sikumkata.

Nilipomfuta kwa taulo uso ukatokea,
kwanza paji, halafu pua, halafu Famau mzima,
na kibanda kikanyamaza hata nikaisikia
redio ya jirani ikitaja bei ya vitunguu.

Akajitazama kiooni, kushoto, kulia.
"Hapa chini ya sikio umebakisha."
Nikamaliza. Akatoa mia mbili, akangoja chenji.
Kisha akamgeukia Shekuwe, bila hasira,
kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Akija huyo Ziro, mwambieni
ufunguo wa uwanja uko kwa mamangu, nyuma ya birika.
Afungue saa kumi, watoto wa chuoni wakitoka wasingoje juani.
Kikapu cha upande wa msikiti hulegea nati,
spana iko chini ya godoro langu.
Wavu huusuka mwenyewe kwa nailoni, kila mwezi.
Yeye ana bahati. Hatahitaji ngazi."

Akatoka. Tuktuk ilimziba,
akapita ubavu ubavu. Mfupi kweli.

Nyevu akagawa kiazi kwa kila mtu bila kuomba pesa;
atazidai kesho.
Chengo akatazama dari langu, akalipima kwa macho,
akashusha macho.
Mimi nikashika ufagio.

"Lakini," akasema Shekuwe,
daftari likifunguka kidogo kidogo magotini pake,
"tukimtoa Kahindi peke yake?"
"Na goti?"
"Goti tusiseme."