Zamu ya Saa Nane

Bado naamka saa nane usiku.
Hakuna kengele, hakuna anayegonga mlango wa chumba,
lakini miguu inatafuta ngazi
na kuikuta sakafu ya udongo, hapa Bahi, haiyumbi.

Muhula mzima kwenye meli ya matanga
nilishusha chupa kwa waya, mita mia mbili, mita elfu,
nikatapika kwenye ndoo ya sampuli
nikaambiwa niioshe mara tatu.
Chumvi: gramu thelathini na tano kwa kilo ya maji.
Niliandika hivyo mpaka penseli ikaisha.

Mama naye ana maabara yake mbugani.
Anakwangua udongo mweupe,
anauchuja kwenye kibuyu kilichotobolewa,
anaonja tone kwa ncha ya ulimi.
"Bado," anasema. Au: "Leta kuni."
Nilimpimia kwa kifaa changu. Alinisubiri kwa adabu,
kisha akawasha moto kabla sijasoma namba.

Jana aliuliza: "Na huko chini kabisa kuna nini?"
Giza, mama. Na baridi.
"Wakakulipia nauli ukaangalie giza?"
Tukacheka hadi Mbeleje, mdogo wangu,
akalalamika kuwa kesho ana mtihani.

Sasa niko uani na daftari la zamu.
Upepo: kusini mashariki, mkali, una vumbi.
Mawingu: hakuna.
Mawimbi: hakuna.
Mbuzi mmoja anakohoa zizini.
Namwandika na yeye.