Sehemu ya Nane

Jioni, mvua ya Kakamega ikishamaliza hasira zake,
wanaingia mmoja mmoja dukani kwangu, Amalemba,
wananing'iniza makoti kwenye cherehani mbovu,
na kabla salamu hazijaisha wameshamfufua maiti.

"Ni yule daktari," asema Mmbone, sare ya wadi ingali mwilini.
"Mliona alivyomfunika marehemu? Shuka mpaka kidevuni.
Sisi hufunika uso.
Anayeuacha uso wazi anataka kusamehewa."

Lihanda, fundi wa pikipiki, anacheka, spana mfukoni.
"Daktari gani! Gari la nyumba ile,
eti limekaa wiki nzima bila kuwashwa,
na paka kajikunja juu ya boneti.
Paka gani huyo wa kulalia chuma baridi?"
Tukanyamaza. Sehemu ya tano tuliitazama mara mbili
na hakuna aliyemwona paka.

Mimi nina kifungo changu.
Koti la mjane lina vifungo sita.
Cha tatu kimeshonwa kwa msalaba, vingine kwa mistari sambamba.
Mkono mwingine ulikishona, tena usiku.
Siku nne natembea nacho kama kijiwe kiatuni.

Na yule mpelelezi wetu! Mguu mmoja mfupi,
anamenya yai la kuchemsha huku akiwahoji wauaji,
chumvi anaitoa kwenye kikopo cha dawa ya mafua.
Siku hizi Mmbone naye huja na mayai.
Huyamenya polepole, akitukazia macho.

Mzee Asutsa hapendi chochote.
Miaka ishirini na minane polisi, Malava hadi Webuye,
na kila jioni huja kutuambia ni uongo mtupu.
"Mpelelezi wa kweli hana petroli.
Mpelelezi wa kweli huandika ripoti
kwa kalamu aliyoazima kwa mshukiwa.
Mimi nilitatua kesi mbili. Moja, mwizi alijileta mwenyewe,
mvua ilikuwa imemchosha."
Kisha, akishusha sauti:
"Lakini yule mjane, mchungeni."

Basi Alhamisi flashi ikapotea.
Flashi nyekundu ya Lihanda, yenye sehemu ya nane, ya mwisho.
Ilikuwa hapa, kando ya mkasi mkubwa,
stima ikazimika dakika kumi,
stima ikarudi, mkasi upo.

Ungetuona!
Mmbone alifunga mlango, akatoa yai.
Lihanda akapima nyayo za matope kwa uzi wangu wa bluu.
Mzee Asutsa, macho yamewaka kama ya kuruti,
akaniomba kalamu, akaandika nyuma ya risiti:
nani alikaa wapi, nani alikohoa gizani.
Wakamshuku mtoto wa jirani aliyefuata kaptura yake.
Wakamshuku panya. Wakashukiana wao kwa wao
mpaka saa tatu, mpaka Mmbone akalia kwa kicheko
na Lihanda akala ushahidi, pamoja na chumvi yake.

Mimi hakuna aliyeniuliza.
Fundi ni kichwa kilichoinama na mguu kwenye pedali,
kama yule aletaye chai katika sehemu ya kwanza
na jina lake hulisikii.

Imo kwenye pindo la pazia hili.
Nimeishonea humo kwa mistari sambamba, bila haraka.

Najua. Lihanda anasema Jumatatu atapata nakala nyingine.
Mmbone amepewa uhamisho, Lodwar, mwisho wa mwezi;
barua yenyewe alinionyesha mimi kwanza
nikimpunguzia sketi kiunoni.

Leo Mzee Asutsa amewatangulia wenzake.
Ana daftari jipya, kalitoa plastiki mbele yangu.
Amesimama mlangoni, akalitazama pazia
kwa muda mrefu kuliko pazia linavyostahili.
"Limeelemea upande mmoja," akasema,
akanirudishia kalamu yangu.
Kisha akavuta kiti, akakunja miguu.

"Haya. Yule mjane.
Tulikuwa tumefikia wapi?"