Mstari wa 412

Volkmar, hatujawahi kuonana.
Nakujua kwa mstari wa mia nne na kumi na mbili
na kwa maneno uliyoacha pembeni yake, mwaka tisini na sita:
"Nafasi kumi na sita zatosha. Tutatazama baadaye."

Baadaye ndiyo mimi.
Ndiyo jikoni hapa, Liepāja, mwezi wa pili,
dirisha limeganda hadi nusu,
tramu ya mwisho imeshapita na kutetemesha vijiko.

Sikulaumu. Nimehesabu:
tarakimu kumi na mbili, nukta tatu,
na sifuri moja ya kufunga mlango nyuma.
Kumi na sita kamili. Ulipima kama fundi cherehani
anayemshonea mtoto asiyetarajiwa kukua.

Mtoto kakua. Viganja vimetoka nje ya mikono ya shati.
Kampuni ya mtandao mtaani kwetu haigawi tena namba fupi;
zimekwisha kama mkate dukani siku ya theluji.
Inagawa ndefu, zenye herufi kati ya tarakimu
na nukta pacha pale ulipozoea nukta moja.
Na programu yetu, hii tunayoigawa bure
ili mtu wa chumba hiki afungue faili la chumba kile,
ikiona nukta pacha hudhani jina limekwisha,
hukata shingo hapo hapo,
kisha hutangaza kwa adabu: mwenyeji hajulikani.

Hajulikani!
Mwenyeji ni kompyuta ya kijivu chini ya ngazi za shule ya ufundi,
ina nota zote za kwaya yetu, miaka thelathini.
Jumanne Biruta wa sauti ya pili alipiga hodi mara saba,
akaimba kwa kukumbuka,
akakosea ukurasa wa tatu,
akanitazama mimi, si mwongoza kwaya.

Ndipo nikafungua msimbo wako.
Nilidhani ni mstari mmoja. Ni mafaili sitini na moja.
Nilipanua mlango, kitanda kikakwama ukumbini;
nikapanua ukumbi, kikakwama kwenye ngazi.
Orodha ya walioruhusiwa ilipima kwa kibaba cha baiti nne.
Daftari la makosa lilikata anwani kiunoni.
Na mahali pamoja mtu (si wewe, huyu aliandika kwa haraka)
alihesabu nukta kwa vidole: moja, mbili, tatu, basi.

Usiku wa nne, majaribio thelathini na moja yalifeli.
Usiku wa tisa, mawili.
Usiku wa kumi, mia na sita. Nikaenda kulala na viatu.

Nikuambie nilichokipenda.
Ya zamani haifutwi. Ndani ya anwani ndefu ipo nafasi yake:
sifuri nyingi, f nne, kisha namba yako fupi, nzima,
kama sarafu iliyoshonwa kwenye pindo la koti.
Na sifuri zikifuatana haziandikwi zote.
Nukta pacha mbili tu, na msomaji anajua akae kimya kiasi gani,
kama sisi wa sauti ya pili
tunapopewa alama moja ya kunyamaza kwa vipande ishirini
huku wengine wakiendelea.

Nilikuandikia. Anwani yako ya Kiel imerudisha barua:
mpokeaji hayupo. Sijui kama umehama au vipi.
Kwa hiyo maneno yako nimeyaacha palepale,
na chini yake nimeandika: "Arobaini na sita."
Kidole kikataka kuongeza "zatosha."
Nikakiondoa.

Jumanne hii Biruta alipiga hodi mara moja.
Ukurasa wa tatu ukafunguka, na doa lake la kahawa.
Akakosea palepale.
Sasa hana wa kumtazama.